Mkanda wa usalama na ujauzito: Kwa nini mama aliye nyuma ya usukani hapaswi kuuacha

Alfajiri, kabla msongamano wa magari jijini Kampala haujaanza, mwanamke mwenye ujauzito wa miezi saba anaketi nyuma ya usukani. Anavuta mkanda wa usalama, unamgusa tumboni, anasita. Anaulegeza kidogo, lakini bado anauhisi. Mwishowe anaupitisha nyuma ya mgongo wake, anauchomeka mahali pake ili kengele ya gari inyamaze, kisha anaondoka.

Wanawake wengi wanaofanya hivyo hawafanyi kwa uzembe. Wanafanya kwa mapenzi, wakiamini kwamba mkanda utambana mtoto na kumdhuru. Wengine wameambiwa hivyo na mama mkwe, na jirani, au hata na mume aliyeketi kando yao.

Madaktari wa uzazi na wataalamu wa usalama barabarani wanasema kinyume chake. Mkanda uliofungwa inavyotakiwa haumbani mtoto. Kinachomhatarisha mtoto ni kuuacha, au kuupitisha mahali pasipostahili. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi mtu akijua kinachotokea ndani ya mwili wa mama wakati gari linaposimama ghafla.

Hatari iko wapi hasa?

Katika wiki 12 za mwanzo, mji wa mimba ungali umehifadhiwa ndani ya mifupa ya nyonga. Kufikia wiki ya 20 hivi, sehemu yake ya juu huwa imefika usawa wa kitovu, na kufikia wiki ya 36 inakaribia mbavu. Muda wote huo mtoto anaelea katika maji ya uzazi, ambayo hupunguza makali ya mitikisiko ya kila siku. Kwa ujauzito usio na matatizo, matuta na mashimo ya barabarani humchosha mama na kumuumiza mgongo kuliko yanavyoweza kumfikia mtoto.

Ajali ni jambo jingine. Ukuta wa mji wa mimba ni msuli unaonyumbuka. Kondo la nyuma, ambalo limeshikamana na ukuta huo na ndilo linalompatia mtoto chakula na hewa ya oksijeni, halinyumbuki kwa kiasi hicho. Tumbo linapopigwa au kutikiswa kwa nguvu, ukuta hubadili umbo kwa kufumba na kufumbua, kondo hushindwa kuufuata, na hivyo linaweza kubanduka, sehemu yake au lote. Likibanduka, mtoto hupungukiwa na oksijeni, na mama huweza kupoteza damu nyingi. Damu hiyo huweza kutoka nje, lakini pia huweza kujikusanya ndani bila mtu yeyote kuiona.

Kwa hiyo mtoto anaweza kufariki katika ajali ambayo mama ametoka bila jeraha lolote la kuonekana.

Mwendo wa kawaida wa mjini unatosha kuleta madhara hayo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu kisichosogea, gari husimama, lakini mwili usiofungwa mkanda huendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule. Huo ni mwendo wa mtu anayefika ardhini baada ya kuanguka kutoka urefu wa takriban mita 10, yaani kiasi cha ghorofa ya tatu. Kwa dereva mjamzito, kinachousimamisha mwili huo ni usukani, na sehemu ya mwili inayoufikia usukani kwanza ni tumbo.

Mkanda hutegemea mifupa

Mkanda wa ncha tatu unaotumika leo katika karibu kila gari ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni ya Volvo nchini Sweden. Wazo lake lilikuwa kwamba nguvu ya mgongano ipokewe na mifupa iliyo imara, si na sehemu laini za mwili. Ndiyo maana kipande kimoja cha mkanda hushika nyonga, na kingine hupita juu ya mfupa wa bega na kifua.

Mifupa hiyo haiondoki mwanamke anaposhika mimba. Nyonga ziko palepale, na bega liko palepale. Kinachobadilika ni tumbo lililo katikati yake, na hivyo njia ambayo mkanda unapaswa kuifuata. Mkanda ukiwa chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, nguvu ya ajali huishia kwenye mfupa. Ukiwa juu ya tumbo, nguvu hiyohiyo humfikia mtoto na kondo. Hofu ya akina mama kwa hiyo ina chembe ya ukweli ndani yake: mkanda uliopita katikati ya tumbo ni hatari. Dawa yake ni kuushusha, si kuuacha.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kifo kwa watu walio ndani ya gari kwa hadi asilimia 50. Kwa upande wa watoto walio tumboni, utafiti uliofanyika katika jimbo la Utah nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2003 na uliochunguza kumbukumbu za uzazi na za ajali kuanzia mwaka 1992 hadi 1999, ulionyesha kwamba wajawazito waliopata ajali bila kufunga mkanda walikuwa katika hatari ya kupoteza mtoto karibu mara tatu zaidi ya wale waliopata ajali wakiwa wameufunga.

Kuna ukweli mmoja unaorudiwa na madaktari wa uzazi kila mahali: kinga ya kwanza ya mtoto aliye tumboni ni uhai wa mama yake. Kila kinachomlinda mama humlinda na mtoto.

Miezi ya katikati na utafiti wa Canada

Wengi hudhani kwamba hatari kubwa zaidi ya kuendesha gari iko katika miezi ya mwisho, tumbo linapokuwa kubwa. Utafiti mkubwa wa jimbo la Ontario, Canada, ulioongozwa na daktari Donald Redelmeier na kuchapishwa mwaka 2014 katika jarida la chama cha madaktari cha nchi hiyo, ulitoa jibu tofauti.

Watafiti walifuatilia kumbukumbu za wanawake 507,262 waliojifungua kati ya mwaka 2006 na 2011. Walilinganisha idadi ya ajali ambazo wanawake hao walizipata wakiwa madereva kabla ya kushika mimba na zile walizozipata wakiwa wajawazito, wakihesabu zile tu zilizowafikisha katika chumba cha dharura cha hospitali. Kabla ya ujauzito, ajali hizo zilikuwa wastani wa 177 kwa mwezi. Katika miezi mitatu ya katikati ya ujauzito zilipanda hadi 252 kwa mwezi, ongezeko la asilimia 42. Katika miezi mitatu ya mwisho zilishuka.

La kuzingatia ni kwamba ongezeko kama hilo halikuonekana wanawake haohao walipokuwa abiria au watembea kwa miguu. Lilihusu kuendesha gari.

Maelezo yanayotolewa yanaeleweka kwa yeyote aliyewahi kubeba mimba. Katika miezi ya mwanzo kichefuchefu na uchovu humfanya mama ajihadhari. Katika miezi ya mwisho tumbo lenyewe humkumbusha. Katikati, kichefuchefu kimepungua, nguo bado zinatosha, na mama anarudia shughuli zake kama zamani. Lakini usingizi wake wa usiku umekatikakatika, mgongo unauma, na akili inachoka upesi kuliko anavyodhani. Kosa dogo la kuchelewa kukanyaga breki, au la kutoiona pikipiki inayotokea kushoto, ndipo linapopata nafasi.

Utafiti huo haukutoa hoja ya kuwanyang'anya wajawazito funguo za gari. Redelmeier mwenyewe alieleza kwamba hata katika miezi hiyo, hatari ya wanawake hao ilikuwa ndogo kuliko ya wanaume wa umri kama wao. Kumkabidhi mume usukani si lazima kuwe ndiyo njia salama zaidi. Linalohitajika ni mwendo wa taratibu, kuacha nafasi ya kutosha nyuma ya gari la mbele, simu kuwekwa mbali, na mkanda.

Namna ya kuufunga

Mashirika ya usalama barabarani na vyama vya madaktari wa uzazi vya Marekani na Uingereza vinatoa maelekezo yanayofanana, na hayahitaji kifaa chochote cha ziada.

Kipande cha chini cha mkanda hupita chini ya tumbo, kikilala juu ya mifupa miwili ya nyonga, karibu na mapaja. Kisipande juu ya kitovu, wala kisikate tumbo katikati. Kipande cha juu hupita katikati ya bega, kikashuka kati ya matiti, kisha kikazunguka ubavuni mwa tumbo. Kisipitishwe chini ya kwapa, wala nyuma ya mgongo. Kwa maneno mengine, tumbo linabaki kati ya vipande viwili vya mkanda, kimoja juu yake na kingine chini yake, bila chochote kulivuka.

Baada ya kuufunga, mama huvuta kipande cha juu ili kuondoa ulegevu. Koti zito au leso iliyofungwa kiunoni kwa mafundo huuzuia mkanda kulala vizuri, hivyo ni bora viondolewe kabla ya safari. Magari mengi yana kitufe kwenye nguzo ya kando kinachowezesha mkanda kupandishwa au kushushwa ili usiikate shingo. Watu wengi wamemiliki gari kwa miaka bila kukigusa.

Vibanio vinavyouzwa ili kuufanya mkanda ulegee "usiumize tumbo" havifai. Mkanda uliolegea huuacha mwili uende mbele kwanza kabla ya kuudaka, na udakaji huo ndio unaojeruhi.

Kiti, usukani na mfuko wa hewa

Umbali kati ya mama na usukani ni jambo la pili kwa umuhimu. Inashauriwa pawe na angalau sentimita 25 kati ya mfupa wa katikati ya kifua na katikati ya usukani. Ni takriban urefu wa karatasi ya kawaida ya ofisini ukipunguza vidole viwili. Kwa kuwa tumbo hukua kila wiki, kipimo cha mwezi wa nne hakitoshi mwezi wa saba. Kiti husogezwa nyuma kidogokidogo, ili mradi miguu iendelee kuzifikia pedali vizuri na breki iweze kukanyagwa hadi mwisho bila mwili kujinyoosha. Usukani unaoweza kuinamishwa uelekezwe kifuani, si tumboni wala usoni.

Mwanamke mfupi ambaye hawezi kupata umbali huo huku akizifikia pedali amefika mahali pa kuacha kuendesha kwa muda. Hilo hutegemea kipimo cha mwili wake na cha gari, wala si udhaifu.

Kuhusu mfuko wa hewa unaofumka kutoka kwenye usukani, ushauri ni kutouzima. Umetengenezwa kufanya kazi pamoja na mkanda. Mfuko huo hufumka kwa sehemu ndogo ya sekunde na kwa nguvu kubwa, na ndiyo sababu nyingine ya kukaa mbali na usukani.

Haya yote yana historia fupi. Kwa miongo mingi, sanamu zinazotumika kupima usalama wa magari zilifuata zaidi umbo la mwanamume. Mwaka 2002, Volvo ilitengeneza kwa kompyuta mfano wa mwanamke mwenye ujauzito wa wiki 36, ukaitwa Linda, ili kuchunguza jinsi mkanda na mfuko wa hewa vinavyomwathiri mama na mtoto.

Safari ndefu: mfano wa Kampala hadi Kigali

Barabara ya kutoka Kampala hadi Kigali kupitia Masaka, Mbarara na mpaka wa Katuna ina zaidi ya kilomita 500. Kwa familia nyingi zenye ndugu pande zote mbili za mpaka, ni safari ya harusi, ya msiba, au ya kwenda kujifungulia nyumbani kwa wazazi. Kwa dereva mjamzito, ni safari ya kupangwa.

Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, kinashauri mjamzito asisafiri kwa gari zaidi ya saa tano au sita kwa siku, na asimame mara kwa mara ili atembee. Kipindi cha saa mbili kwa mfululizo ni kipimo kizuri. Sababu si uchovu tu. Ujauzito huifanya damu kuwa nyepesi kuganda, na kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya ndani ya mguu. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kupata joto, au pumzi zikikata ghafla, hilo ni jambo la hospitali, wala si la kusuguliwa kwa dawa ya maumivu.

Barabara hiyo kwa bahati ina vituo vyake. Wasafiri husimama Kayabwe, panapopita mstari wa Ikweta, kiasi cha kilomita 70 na ushei kutoka Kampala. Mbele yake iko Lukaya, mashuhuri kwa wachuuzi wa nyama na ndizi za kuchoma, kisha Masaka. Mbarara, iliyo umbali wa kilomita 270 hivi, ni mahali pa busara pa kulala. Kumalizia safari asubuhi ya pili kuna gharama ya chumba cha kulala, lakini kunamwepusha mama na barabara za milimani za Kabale akiwa amechoka na jua limezama.

Mpaka nao huleta jambo lake. Uganda, kama Kenya na Tanzania, huendesha magari upande wa kushoto wa barabara, ilhali Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Dereva anayevuka Katuna na gari lenye usukani wa kulia hujikuta mahali ambapo ni vigumu kuona linalokuja anapotaka kulipita lori. Hiyo ni kazi ya ziada kwa akili iliyochoka. Kupumzika mpakani kabla ya kuendelea si kupoteza muda.

Chakula kidogo, maji ya kutosha, na kwenda haja kabla ya kuondoka ni mambo madogo yenye uzito. Wapo wanaojinyima maji ili wasisimamesimame njiani. Upungufu wa maji huleta kizunguzungu na huongeza hatari ya damu kuganda.

Siku ambazo usukani uachwe

Ujauzito wenyewe si ugonjwa, na kwa mama mwenye afya njema hakuna wiki maalumu ambayo kila mwanamke lazima aache kuendesha. Lakini zipo hali ambazo kuendesha ni kuhatarisha wengi.

Kizunguzungu na kuzimia, ambavyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, ni sababu ya kutoshika usukani hadi tatizo litibiwe. Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika huleta usingizi, na ni vizuri kumuuliza mfamasia kabla ya kuzinywa asubuhi ya safari. Mama mwenye kisukari anayetumia insulini anapaswa kupima sukari yake kabla ya kuondoka.

Maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona giza au vimulimuli ni onyo la aina ya pekee, hasa baada ya wiki ya 20. Huenda ni dalili za kifafa cha mimba kinachokaribia, ambacho hutokana na shinikizo la damu. Mama mwenye dalili hizo hapaswi kujiendesha hata kwenda hospitali. Apelekwe. Hali ni hiyohiyo kwa mwenye uchungu wa kuzaa: uchungu mmoja unaokuja wakati wa kukata kona unatosha kuleta msiba.

Baada ya kujifungua kwa upasuaji, kipimo kinachotumiwa na madaktari ni kama mama anaweza kukanyaga breki ya ghafla na kugeuka kutazama nyuma bila maumivu. Kwa wengi hilo huchukua hadi wiki sita hivi.

Anapokuwa abiria

Si kila mjamzito wa Afrika Mashariki ana gari, na wengi walio nalo huendeshwa. Kanuni za mkanda ni zilezile katika kiti cha abiria, mbele na nyuma. Kiti cha mbele kisogezwe nyuma kadiri inavyowezekana, na kiti kisilazwe kama kitanda, kwa sababu mwili uliolala huteleza chini ya mkanda, nao mkanda ukapanda tumboni.

Katika magari ya abiria, mikanda mara nyingi imekatika au imefichwa chini ya mito ya viti. Kenya iliamuru mikanda katika matatu zote kuanzia Februari 2004, chini ya kanuni zilizokuja kuitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Kuwapo kwa kanuni na kuwapo kwa mkanda unaofanya kazi ni mambo mawili tofauti, lakini abiria anayo haki ya kuuliza kabla ya kupanda. Penye mkanda wa kiunoni pekee, ufungwe uleule, chini ya tumbo na juu ya nyonga. Ni bora kuliko kukosa kabisa.

Pikipiki ya bodaboda haina mkanda wala kinga. Kwa mjamzito, hasa anayekaa upande bila kofia ngumu, ni usafiri wa hatari kuliko gari la aina yoyote.

Baada ya ajali, hata iwe ndogo

Katika barabara za eneo hili, ajali ndogo ina desturi zake. Madereva hushuka, bampa hutazamwa, maneno hurushwa, watu hukusanyika, askari wa usalama barabarani husubiriwa. Saa mbili hupita kando ya barabara. Kama dereva mmoja ni mjamzito na hana damu wala jeraha, mara nyingi atasema yuko salama, na kila mtu atamwamini, naye mwenyewe atajiamini.

Hapo ndipo kuna hatari isiyoonekana. Wakati wa ujauzito wingi wa damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, na hivyo mama anaweza kupoteza damu nyingi ndani kwa ndani kabla mapigo ya moyo au shinikizo la damu havijaonyesha lolote. Kondo nalo linaweza kubanduka saa kadhaa baada ya mgongano.

Kwa sababu hiyo ushauri hauna ubaguzi kati ya ajali kubwa na ndogo: mjamzito aliyepata ajali ya gari, hasa aliyepita miezi mitano, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Bampa litasubiri. Miongozo ya madaktari inataka mapigo ya moyo wa mtoto na mikazo ya mji wa mimba vifuatiliwe kwa angalau saa nne, na kwa muda mrefu zaidi panapokuwa na dalili zozote. Picha ya ultrasound pekee haitoshi, kwani inaweza kuonekana safi ilhali kondo limebanduka. Ni bora kufika mahali penye uwezo wa upasuaji na damu, kama vile hospitali, au kituo cha afya cha ngazi ya nne nchini Uganda.

Kutokwa na damu au maji ukeni, maumivu ya tumbo yasiyoachia, tumbo kuwa gumu kama ubao, mikazo inayorudirudi, au mtoto kupunguza kucheza ni dalili za kurudi hospitali mara moja, hata kama mama aliruhusiwa jana yake. Mwenye kundi la damu lisilo na chembe ya Rh, yaani lenye alama ya kutoa, anapaswa kulisema hilo mapema, kwa kuwa huenda akahitaji sindano maalumu ndani ya saa 72. Ndiyo maana kadi ya kliniki ya wajawazito inapaswa kukaa ndani ya gari au mkobani.

Wanaomsaidia mama aliyejeruhiwa wakumbuke jambo moja. Baada ya wiki ya 20, asilazwe chali, kwa sababu uzito wa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Alazwe kwa ubavu wa kushoto. Ikiwa inashukiwa shingo au mgongo umeumia, asigeuzwegeuzwe na watu wasio na ujuzi, na wauguzi waambiwe mara moja kwamba ni mjamzito ili wamwinamishe kushoto akiwa juu ya ubao.

Nchini Rwanda, huduma ya magari ya wagonjwa hupatikana kwa namba 912. Tanzania ina namba 115 ya mfumo wa m-mama, isiyo na malipo, kwa dharura za wajawazito na watoto wachanga. Uganda na Kenya, polisi hupatikana kwa 999 au 112. Namba hizo zinafaa kuwa ndani ya simu kabla hazijahitajika.

Sekunde chache asubuhi

Kliniki za wajawazito huzungumzia vidonge vya kuongeza damu, chandarua na lishe. Mkanda wa gari ni nadra kutajwa, ingawa hauhitaji dawa, mashine wala fedha. Mkunga anayeuliza "mama, unaendesha?" na kumwonyesha kwa mkono mahali mkanda unapopaswa kupita, ametumia dakika moja.

Mwanamke yule wa alfajiri naye hahitaji zaidi ya hapo. Anasogeza kiti nyuma. Anautoa mkanda nyuma ya mgongo, anaushusha chini ya tumbo hadi auhisi juu ya mifupa ya nyonga, anaupitisha kati ya matiti, anauvuta ukaze. Tumbo liko huru katikati. Kisha anawasha gari.